Boti ya faiba ya mita 7, mwaka na nusu Kibirizi: maji yaliyojificha tumboni na waranti yake

Naandika hii maana kila wiki kuna mtu ananisimamisha pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, vipi ile faiba yako, ninunue au nibaki na mbao, na mi nimechoka kusimulia nusunusu nikiwa na dumu la petroli mkononi. Leo nasema yote kwa mara moja. Boti ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini, mita 7, sakafu yake imefungwa kabisa juu ya tumbo, nilinunua kwenye karakana moja ya Dar Septemba 2023, jina siwataji kwa sababu tulishamalizana na sitaki maneno. Natoa nyota tatu kati ya tano. Boti peke yake ningeipa nne, waranti mbili, na yule fundi wa hapahapa Kigoma aliyeitibu ningempa tano na soda juu.

Kazi yangu ni abiria na mizigo, kutoka Kibirizi kwenda kaskazini, Kalalangabo, Mtanga, Mwamgongo, mara chache nafika Kagunga mpakani, na nikipata bahati napeleka wageni wa Gombe. Mashine ni Yamaha 40. Kabla ya hapo nilikuwa na boti la mbao, mbao mimi nimezaliwa nazo, baba mdogo alikuwa nalo lake na kila kiangazi lilipinduliwa mchangani, mzee wa kalafati anakuja na pamba na patasi yake, anagonga ufa mmoja mmoja kama anashona, na wiki mbili nzima nyumbani ni ugali na dagaa bila kuuliza maswali. Kwa hiyo niliposikia faiba haina kalafati, haiozi, unaosha na maji tu harufu ya dagaa inaisha, nikauza la mbao nikaongezea na mkopo.

Na kweli ni boti nzuri, wacha niseme kabla sijaanza kulalamika. Inakata maji vizuri, kusi ikivuma mwezi wa sita na wa saba ndo utajua umbo lake lilichorwa na mtu anayejua, pua yake haichimbi wimbi. Abiria wanaipenda, kina mama wa dagaa wanagombania kukaa humo kwa sababu kanga haishiki lami. Rangi bado inang'aa. Hapo sina neno.

Sasa tatizo. Boti la mbao likivuja unaona, maji yako miguuni, unayachota unamwaga, unamwonyesha fundi ni hapa. Faiba yangu haikuvuja hata siku moja. Jioni nilikuwa nachomoa kizibo cha nyuma yanatoka vikombe viwili vitatu vya maji ya miguu ya abiria, basi, pakavu, narudi nyumbani nimetulia. Kumbe maji yalikuwa yanaingia sehemu ambayo kile kizibo hakifiki.

Dalili zilikuja polepole ndo maana nilichelewa. Kwanza mafuta, kwenda Mwamgongo na kurudi nilizoea lita 40, ikawa 44, ikafika 50, nikamshuku kijana wangu wa mashine kwamba ananiibia, nikamsema vibaya mbele za watu na baadaye ilibidi nimwombe radhi. Pili, kukata kona. Ukizungusha usukani boti inalala kawaida, halafu inachelewa kuinuka, kama mlevi anayefikiria kwanza, na ukinyanyua pua kwa mwendo unahisi uzito unakimbilia nyuma. Tatu ni ule mstari. Karakana walipaka mstari mwekundu pembeni, na boti ikiwa tupu ulikuwa unakaa vidole vinne juu ya maji. Mwezi wa nne nikauona uko chini ya maji, boti ikiwa tupu. Nikasema labda ni uchafu na majani yameng'ang'ania chini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kilichonifungua macho ni ziwa kufungwa. Si mnakumbuka 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, sisi wa abiria hatukuzuiwa lakini biashara yetu inaishi kwa dagaa, hakuna dagaa hakuna kina mama, hakuna kina mama hakuna nauli. Nikaamua nipandishe boti nchi kavu nipake rangi ya chini. Siku inaletwa Kigoma tuliisukuma watu wanane, tunaimba, dakika mbili. Safari hii wanane wakasukuma haikutikisika. Tukaongeza, kumi, kumi na mbili, ikaanza kusogea tulipofika kumi na wanne. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu pembeni akacheka akaniuliza, we mwanangu, humo ndani umelaza nani?

Hapo nieleze hii boti ilivyo maana wengi hawajui, na mimi sikujua. Faiba za aina hii zina ngozi ya nje, halafu mbavu kwa ndani, halafu sakafu juu yake, na katikati ya sakafu na ngozi wanamimina povu gumu la njano, ni kama lile la ndani ya kuta za friji. Kazi ya povu ni kwamba boti ikijaa maji isizame, ielee hivyohivyo watu waishikilie. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi, kwa hiyo hilo povu si urembo. Nyuma, ule ubao mnene panapofungwa mashine ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Sasa maji yakipata njia kuingia katikati ya sakafu na ngozi hayana pa kutokea, kizibo kinatoa maji ya lile shimo la juu tu, la nyuma linalokusanya maji ya sakafuni, yale ya chini yanakaa, povu linakaa ndani ya maji usiku na mchana miezi na miezi mpaka linaanza kunywa. Povu zuri halinywi haraka, ila hakuna povu linalovumilia kulazwa majini bila kutoka. Na plaiwudi ndo kabisa. Halafu watu wa pwani wana nafuu kidogo, maji ya chumvi huwa yanachelewesha kuoza kwa mbao, sisi maji yetu hayana chumvi, ya kunywa kabisa, na ni ya uvuguvugu mwaka mzima, kuvu wanafurahi.

Sasa utajuaje bila kuvunja? Vifaa vya kupimia unyevu sina, fundi hana. Fundi wangu, mtu wa Ujiji, mzee wa makamo aliyeanza na mbao akahamia faiba, alichukua sarafu ya shilingi 200 akaanza kugonga sakafu kidogokidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kichwa amekiinamisha kama daktari. Mbele inalia ko, ko, ko, kavu. Kufika mita mbili za mwisho ikabadilika, ikawa du, du, sauti inakufa. Akachora na chaki pale ilipobadilika. Halafu akakata nailoni safi vipande vinne, akabandika kwa selotepu pande zote, viwili mbele viwili nyuma, akasema twende tukalale. Asubuhi vya mbele vikavu, vya nyuma vimetoa jasho kwa ndani, matone unayaona. Sakafu ilikuwa imekauka kwa juu siku tatu jua kali, hilo jasho lilitoka wapi.

Nikataka atoboe palepale. Akakataa. Akaniuliza, waranti unayo? Nikasema ninayo nyumbani. Akasema basi usiguse kitu, kasome kwanza. Huyu mzee aliniokoa, kwa kauli hiyo tu.

Karatasi ya waranti ni kurasa tatu, Kiingereza kitupu, mhuri wa bluu juu. Sikuwahi kuisoma, niliweka pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Nikaipeleka kwa mwalimu mstaafu jirani yangu pale mtaa wa Mwanga hapahapa Kigoma, shikamoo mwalimu, marahaba, akavaa miwani akaanza kunisomea, na kila mstari moyo unashuka. Mwili wa boti una waranti ya miaka mitatu, safi. Mstari unaofuata: kama boti inatumika kwa biashara, miezi kumi na miwili tu. Mi ni biashara. Ilikuwa mwezi wa nane tangu ninunue, kwa hiyo bado nilikuwa ndani, lakini ningesema ngoja kiangazi kiishe ningekuwa nje. Ukiona kasoro uwaandikie ndani ya siku kumi na nne. Ukitoboa au kubadilisha chochote bila ruhusa yao, imekufa. Malengelenge kwenye rangi hayahusiki. Hasara ya siku za kazi haihusiki. Na ile iliyonimaliza: boti ifikishwe karakana kwa gharama ya mnunuzi. Karakana iko Dar! Kigoma mpaka Dar kwa reli tu ni zaidi ya kilomita 1,200. Lori moja nililouliza bei yake ya kwenda peke yake ilinifanya nikae chini.

Mwalimu akanishauri nisipige simu kwanza, niandike. Tukaandika kwa WhatsApp na barua pepe yake, tarehe, namba ya boti iliyogongwa nyuma, tulichoona, picha za nailoni zenye jasho, video ya sarafu. Kisha ndo nikapiga. Dada wa ofisini aliongea vizuri sana, pole kaka, nitamwambia bosi. Bosi akapiga jioni. Maneno yake ya kwanza, kaka faiba haiingii maji, hayo ni ya mvua. Nikamwambia bosi hata kama ni ya mvua yamefikaje chini ya sakafu uliyosema imefungwa? Akanyamaza kidogo, akaomba picha zaidi. Kesho yake akarudi na jibu lingine: naona kwenye picha umefunga nguzo za turubai, umetoboa sakafu, maji yamepitia kwenye skrubu zako.

Na hapo niseme ukweli, nilitoboa. Abiria walikuwa wanaungua na jua nikamwita kijana wa kuchomelea akafunga nguzo nne za turubai, kila nguzo skrubu nne, zilipigwa kavu bila gundi ya kuzuia maji, na mi nilikuwepo nimesimama nakula miwa. Kwa hiyo jamaa hakuwa anaongea upuuzi. Usiku ule sikulala, nikajua imekwisha.

Aliyefufua kesi ni fundi. Akasema maji tuyaulize yenyewe yamepita wapi. Akaniambia mwombe bosi ruhusa ya kutoboa tundu moja la kutolea maji, lakini aandike, asiseme mdomoni. Ilichukua siku mbili kupata ule ujumbe, mstari mmoja, sawa toboa tundu moja milimita 10 chini kabisa nyuma. Tukainamisha boti nyuma iwe chini, fundi akatoboa kutokea nje, drili ilivyovuta tu maji yakamrukia kifuani. Rangi ya chai ya rangi iliyolala, harufu kama mtungi uliosahaulika na muhogo ndani. Tukaweka ndoo. Yaliendelea kutoka kuanzia saa nne mpaka jioni, mwanzo kwa kasi halafu kwa uzi, ndoo tisa za lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, piga hesabu mwenyewe, kilo 180, watu wazima watatu ambao nimewapeleka Mwamgongo na kuwarudisha bila nauli kwa miezi sijui mingapi. Cheti changu cha TASAC, wale wa serikali wanaosimamia vyombo vya majini, kimeandikwa idadi ya abiria, hao watatu hawakuandikwa.

Baada ya hapo ndo rangi. Fundi alimtuma mtoto sokoni kununua rangi ya mikeka, ile ya kuchovya ukili, pakiti ya zambarau na pakiti ya kijani. Tukanyanyua boti ikae sawa juu ya magogo, kizibo cha nje tukakifunga, tukamimina maji ya zambarau kwenye lile shimo la nyuma linalokusanya maji, shimo tu, sakafu hatukuilowesha. Usiku kucha. Asubuhi tundu la chini lilikuwa limetoa karibu lita tatu za zambarau safi kwenye beseni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Tukasuuza, tukaacha siku mbili, halafu tukafanya zamu ya kijani kwenye skrubu zangu, tukajenga kiukuta cha udongo kuzunguka kila nguzo tukajaza maji. Asubuhi, beseni kavu, ila fundi alipoingiza karatasi ya chooni kwa kijiti kwenye tundu ikatoka na doa la kijani. Dogo, lakini lipo.

Nikamuuliza mzee tuifiche ya kijani? Akaniangalia tu. Tukatuma video zote mbili.

Nadhani hiyo ndiyo iliyomgeuza bosi, maana alipiga mwenyewe bila kusubiri, sauti imebadilika. Akaomba picha za mrija wa kizibo. Fundi akachomoa ule mrija mfupi wa shaba unaotoka kwenye shimo kupitia ule ubao wa nyuma kwenda nje, na pale ndani tukaona kitu kiko wazi kabisa: tundu lilitobolewa kwenye plaiwudi, mrija ukachomekwa, gundi imepakwa kwa nje tu ili ionekane vizuri, kwa ndani mbao iko uchi, haijapakwa resini hata tone. Kila siku maji ya shimo yanalamba ile mbao, yanaingia kwenye plaiwudi, yanashuka kwenye povu. Fundi akachoma kwa ncha ya kisu, vidole viwili kuzunguka tundu kisu kinaingia kama kwenye kiazi kilichochemka. Kazi ya dakika kumi mtu wa karakana aliiruka. Skrubu zangu zilichangia, ndiyo, lakini mlango mkubwa ulikuwa wao.

Tukaanza kuvutana juu ya nani alipe nini. Wao walisema leta Dar tutatengeneza bure. Bure gani hiyo wakati usafiri ni wangu? Mwalimu akanisaidia tena barua, ya adabu lakini ina mifupa. Akataja kwamba kabla sijanunua nilishawaandikia boti ni ya abiria na mizigo Ziwa Tanganyika, ujumbe upo, na wao wakajibu hii ndo inakufaa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimwambia muuzaji kazi unayotaka bidhaa ifanye na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Mwishoni akaandika kwamba tungependa kumaliza wenyewe kabla ya kwenda Tume ya Ushindani. Hatukutukana mtu. Mi nilitaka kuweka sentensi moja kali pale mwanzoni, mwalimu akaifuta akasema hiyo utamwambia mkeo.

Wakakubali hivi: vifaa vyote wanatuma wao, resini, mati ya nyuzi za faiba, hadina ya kugandishia resini, povu la kumimina la chupa mbili, na vifuniko viwili vya kukagulia vya kuzungusha. Ufundi wanalipa theluthi mbili, theluthi moja yangu kwa ajili ya skrubu, na mi nikaona ni haki. Kazi itakayofanywa nayo inapata waranti ya miezi kumi na miwili, kwa maandishi. Siku nilizolala bila kazi, sifuri. Nilibisha kwenye hilo nikashindwa, iko kwenye karatasi na nilisaini.

Mzigo ulikuja na lori baada ya wiki mbili, tukafungua, resini ipo, mati ipo, povu lipo, hadina haipo. Resini bila hadina ni uji tu. Siku tisa nyingine kusubiri kichupa. Hiyo peke yake imewapunguzia nyota.

Ukarabati wenyewe nitaeleza kidogo kwa sababu kuna watu watawaambia kausha tu kwa jua inatosha. Haitoshi. Fundi alikata sakafu mita mbili za nyuma kama anafungua kopo, akaondoa povu kwa jembe dogo na mikono. La mbele lilikuwa zuri, linavunjika kavu kama mkate wa jana. La nyuma ukilibana maji yanachuruzika. Tulijaza magunia matatu, na kwa udadisi tukalipima moja kwenye mizani ya dagaa, kilo 41, gunia ambalo likiwa kavu mtoto wa darasa la tatu anabeba kichwani. Tukalianika juani wiki mbili tukapima tena, kilo 13. Wiki mbili za jua la mwezi wa saba, limemwagwa kwenye turubai wazi, na bado lina maji. Sasa lingekauka lini likiwa limefungiwa tumboni mwa boti?

Plaiwudi iliyooza ikachongwa mpaka kwenye mbao ngumu, ikapachikwa kipande kipya kilichozamishwa kwenye resini kwanza. Tundu la mrija alilifanya kwa namna niliyoipenda, alitoboa kubwa kuliko mrija, akalijaza resini nzito mpaka likaziba kabisa, ikashika, halafu ndo akatoboa tena katikati ya resini tundu la size ya mrija, kwa hiyo mrija sasa hauigusi mbao popote. Skrubu zangu nazo akazifanyia hivyohivyo. Povu jipya alimimina kidogokidogo, linaumuka kama maandazi na linatoa joto, mara ya kwanza alizidisha likamwagikia miguuni na ndala moja imebaki ukumbusho kwenye karakana yake. Akaacha mfereji mwembamba katikati, chini ya povu, ili maji yakiingia tena yapate pa kukimbilia mpaka kwenye kile kifuniko cha kukagulia. Kwa nini karakana hawakuacha mfereji tangu mwanzo sijui, nimewauliza mara mbili.

Chini ya boti tulikuta na malengelenge machache kama ya kuungua na mafuta, madogo, ukitoboa yanatoa kimaji kikali puani. Waranti haihusiki. Tulikwangua tukapaka, tukaendelea.

Boti ilirudi majini wiki ya pili ya Agosti, siku chache kabla ziwa halijafunguliwa. Watu wanane, wimbo, ikaenda. Mstari mwekundu vidole vinne juu, nilivipima mwenyewe nimesimama kwenye maji mpaka kiunoni. Mwamgongo na kurudi lita 41. Kijana wangu wa mashine aliniletea risiti ya mafuta akainyoosha mbele ya uso wangu bila kusema kitu, nikampa elfu kumi yake.

Kuna jamaa pale bandarini alinicheka, kwamba meli ya Liemba ilizamishwa 1916 ikalala chini ya ziwa mpaka 1924, ikainuliwa ikafanya kazi miaka na miaka, wewe ya kwako miezi nane imeshalewa. Nikamwambia Liemba ni chuma cha Mjerumani na hawakuijaza sponji.

Kama unakwenda kununua kwa hao jamaa au wengine wowote wa boti zenye sakafu iliyofungwa, chomoa ule mrija wa nyuma mbele ya macho yao, ingiza kidole, ukigusa mbao uchi mwambie apake ukiwa umesimama hapohapo. Mwambie aweke vifuniko vya kukagulia kabla lori halijaondoka, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nilichopitia. Kipengele cha usafiri kifute kwa kalamu au aandike kwamba fundi aliyekubalika Kigoma atatengeneza kwa niaba yao, hicho ndicho kipengele kinachofanya waranti ya Dar iwe pambo kwa mtu wa huku. Na usitoboe sakafu hata kwa msumari wa kuning'inizia kofia. Mkopo bado nalipa.

Mimi siku hizi kila Jumapili baada ya kanisa nashuka Kibirizi, nazungusha vile vifuniko viwili, nazamisha kijiti cha mwanzi kilichoviringishwa karatasi ya chooni mpaka kinagusa chini. Jumapili iliyopita cha kushoto kilitoka kikavu, cha kulia kikavu pia, ila na mende mmoja.